Bichi ya Kwanza ya Dobi

Dobi alikuwa na fuo kumi za bahari alizozipenda kuliko nyingine zote duniani, na alizipanga kwa namba, akianzia ya kumi kurudi nyuma. Alizitaja tisa. Akifika ya pili ukamwomba akumalizie, alilowesha kidole, akaigusa pasi asikie inavyolia, kisha akasema, "Hiyo ingine wacha," akaendelea na kola ya shati la mtu.

Kibanda chake kilipakana na duka langu hapa sokoni Ekerenyo. Mimi huchapa barua, hutoa kopi, hupanga ratiba za mazishi na kadi za harusi. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mabati, na ukuta wa mabati hauzuii kitu. Nimeisikia orodha ile mara nyingi kuliko mahubiri, na mimi si mtu wa kukosa kanisani. Wateja wake wengi hawakuwa wameona maji makubwa kuliko mto uliofurika, kwa hiyo hawakuwa na la kumbishia. Walisikiliza, wakachukua suruali zao, wakaenda kuchuma chai.

Nitamwita Dobi tu, maana ndivyo alivyoitwa na kila mtu, kuanzia chifu hadi watoto wa chekechea. Ukoo wake na mwaka wa kuzaliwa wataeleza wanaojali hayo. Mimi nataka kueleza jinsi mtu aliyezunguka dunia alivyonasa kwenye kilima hiki kwa miaka inayokaribia ishirini, na jinsi nilivyoamini, miaka yote hiyo, kwamba aliyemnasa ni mimi. Nilimnasa kwa neno moja lenye herufi nne. Nitalifikia, lakini kwanza mmjue mwenyewe.

Kabla ya kurudi alifanya kazi kwenye meli ya watalii. Watu walidhani alikuwa baharia, naye hakuwa na haraka ya kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba alikuwa dobi hata huko. Alifua chini kabisa ya meli, chini ya usawa wa maji, kwenye chumba kisicho na dirisha, mashine zikinguruma mchana na usiku. Bahari aliijua kwa taulo. Asubuhi wageni walishuka kujilaza ufuoni, jioni taulo zao zikateremka kwake, naye akachovya kidole kwenye chujio la mashine na kujua wametia nanga wapi. "Wengine walikuwa na ramani," aliniambia, "mimi nilikuwa na mchanga." Akipata zamu ya kupumzika alipewa saa mbili au tatu za kushuka. Alikwenda moja kwa moja ufuoni, akavua viatu, akaketi mpaka saa zikaisha. Kuogelea hakuogelea. Hakujua.

Ndiyo maana orodha yake haikufanana na ile ya watu wa matangazo. Ya kumi ilikuwa katika mji mmoja wa Ufaransa ambako ufuo mzima ni kokoto. "Mzungu analala juu ya mawe na anasema amepumzika," alisema. "Lakini kwa dobi hiyo ni bichi. Taulo inarudi safi." Ya nane ilikuwa Afrika Kusini, yenye ndege wasioruka, weusi mgongoni na weupe kifuani, wanaotembea polepole kama wazee wa kanisa wakienda kikao. Ya tano ilikuwa Brazili, ile maarufu. Kilichomkera pale, na kumfurahisha pia, ni kwamba alikuta wanaume wazima wakicheza mpira mchangani siku ya kazi. "Na ni Jumanne, Karani. Jumanne. Nikajiuliza hawa watu wanachuma chai saa ngapi." Ya tatu ilikuwa kisiwa cha Wagiriki chenye mchanga mweusi, unaochoma nyayo na kuacha taulo na rangi ya jivu.

Ya pili ilikuwa Shelisheli. Huko, alisema, kuna mawe makubwa laini kama yaliyosuguliwa na wachongaji wa mawe wa kule Tabaka, na mchanga wake mweupe ukishaingia kwenye uzi hautoki. "Nilifua taulo moja mara tatu. Ikakataa. Nikaheshimu." Hapo orodha iliishia, na kidole kikaenda kwenye pasi.

Mimi aliniita Karani. Alianza kuniita hivyo mwezi uleule aliorudi, wakati sikuwa karani wa chochote. Nilikuwa nimeacha kazi mjini, nauza ndizi za mama yangu kando ya barabara. Nilidhani ni kejeli ya mtu aliyesafiri, nikamwacha.

Alikuwa na mikono myeupe ndani, iliyojikunja kama ya mtu aliyetoka majini sasa hivi, na haikurudi kawaida hata siku moja. Aliongea na nguo. Akipewa shati la mwalimu mkuu alilinusa, akaguna, akalikunja upya, na kuanzia hapo ulijua mwalimu mkuu ana jambo. Lakini hakusema. Msemo wake ulikuwa ule wa kila mtu, kikulacho ki nguoni mwako, ila yeye aliutumia kama taarifa ya kazi. Kuhusu madoa alikuwa na sheria moja: doa usilisugue siku ya kwanza, utalisukuma ndani. Loweka, subiri, litajitokeza lenyewe. Nilimkatalia mara nyingi. Mimi ni mtu wa kusugua.

Mvua za kwetu zilimtesa. Hapa Nyamira mvua ina saa yake, alasiri ikifika inakuja bila kubisha hodi, na dobi asiye na mashine ya kukausha anaishi akitazama juu. "Kule nilikuwa ndani ya maji na nguo zinakauka," alilalamika. "Hapa niko juu ya mlima na nguo hazikauki." Ijumaa ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa nusu ya soko ni Wasabato, na kila mmoja alitaka suti yake kabla jua halijatua.

Hakuoa. Alitoa sababu tatu kwa watu watatu, na zote zilikuwa za kuchekesha. Juu ya kabati lake palikuwa na begi la bluu lililofungwa tayari, lenye pasipoti ndani. Alilipangusa vumbi kila Jumapili. Mwaka ukianza alisema, "Mwaka huu narudi kazi." Ukiisha alisema mzee bado hajapata nafuu. Nilikuwa nikilitazama begi lile kupitia tundu la msumari kwenye mabati.

Sasa niseme kuhusu mzee, yaani baba yake mzazi. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mkali, mwenye kahawa na chai na sauti. Dobi alikuwa omokogooti wake, kitindamimba, na kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya mama na kuwatunza wazazi. Kaka wakubwa wanaweza kwenda Nairobi wasirudi mpaka Krismasi. Omokogooti haendi. Yeye alikwenda. Na alipomwambia mzee kwamba kazi ya melini haina Sabato, kwamba Jumamosi taulo zinafuliwa kama siku nyingine, mzee alisimama mlangoni akamwambia, "Ukienda kufua Sabato, usirudi hapa." Mama yake alimsindikiza hadi barabarani akiwa na ndizi zilizofungwa kwenye leso, akarudi.

Miaka sita hakurudi. Alimwandikia dada yake aliyeolewa Ogembo, basi.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimepata kazi kwenye saiba moja mjini Nyamira. Kompyuta nne, moja mbovu. Nilikuwa nimepata A ya Kiswahili na nilitaka kila mtu ajue. Siku moja dada yake Dobi akaingia akiwa amelowa, analia, ameshika karatasi yenye anwani ya barua pepe ya ndugu yake. Alinijua, maana tumezaliwa kijiji kimoja. Hakujua kuandika kwenye mashine. Foleni ilikuwa ndefu, intaneti ilikuwa inakatika, na watu walikuwa wanaguna.

"Sema, naandika," nikamwambia.

Akasema kwa Kikisii, nami nikaandika kwa Kiswahili. Kikisii kilikuwa cha nyumbani, na niliona aibu kukiandika kwenye kompyuta. Isitoshe sikujua kinaandikwaje. Akasema, nikageuza. Akasema, nikageuza. Ukatoka ujumbe mfupi, msafi, wa mtu mwenye A: *Baba mgonjwa sana. Hawezi kula. Rudi haraka. Dada.* Nikabonyeza, ukaenda, dakika hiyohiyo stima ikapotea.

Msomaji asiye wa huku itabidi nimweleze. Kwetu Ukisii, baba ni mama. Baba mzazi tunamwita tata. Mtoto akianguka uani akalia "baba", anayekuja mbio ni mama yake akiwa na unga mikononi. Maneno mengine yote niliyageuza, lakini neno hilo moja sikuligeuza, kwa sababu lilinifikia tayari likiwa Kiswahili. Sikio lilisikia baba na mkono ukaandika baba.

Mama yake alikufa siku ya tisa.

Dobi alifika siku nne baada ya mazishi. Kaka yake alimpata kwa simu ya ofisi ya meli, na safari hii hakukuwa na neno la kugeuza. Nilikuwepo uani. Nilikuwa nagawa chai kwa waliokuja kutoa pole. Alikuwa amevaa viatu vyeupe ambavyo hakuna mtu wa kijiji chetu angenunua, na tope la mvua lilikuwa limeshavimaliza. Alisimama kando ya kaburi, udongo ungali umetuna, akasema mbele ya watu wote, "Niliandikiwa kuwa baba ni mgonjwa. Nikasema ni mzee. Nikasema mzee alinifukuza, basi Mungu atamwangalia."

Bibi mmoja akamwuliza iliandikwa vipi hasa, naye akausoma ujumbe kwa kichwa, neno kwa neno. Nikaona lile neno linavyopita kutoka uso hadi uso, watu wakielewa mmoja mmoja. Kisha yule bibi akasema, "Aki hawa wasichana wa kompyuta. Mungu awaone." Wengine wakaitikia. Dada yake alinitazama mara moja, akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeinamisha birika juu ya kikombe kilichojaa zamani, na chai ilikuwa inammwagikia mtu mguuni.

Nilijua ni mimi. Wiki iliyofuata niliacha kazi ya saiba. Nilimwambia mama kichwa kinauma kwa sababu ya mwanga wa mashine.

Dobi alitakiwa arudi melini baada ya mwezi. Wiki ya tatu mzee akapigwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukalala. Kaka wakakutana chini ya paa la jiko, wakaangaliana, kisha wote wakamwangalia omokogooti. Hakuna aliyepiga kura. Na yule mzee, aliyekuwa amemfukuza, alikataa kulishwa na mtu mwingine yeyote. Mke wa kaka akileta uji, alifunga mdomo. Dobi akiushika uleule, alifungua.

Kwa hiyo akabaki, nami nikaamini analipa deni la mama yake, deni nililomwekea mimi. Alifungua kibanda sokoni, baadaye nami nikapata mtaji kidogo, nikanunua kompyuta ya mtumba na kufungua duka. Kwa nini nilichagua chumba kilichopakana naye, sijui. Labda nilitaka kumchunga, kama mtu anavyolizunguka zizi ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelifunga.

Kuna Jumamosi moja nilipeleka maziwa kwao, saa Wasabato wakiwa kanisani. Nilimkuta Dobi ameinama kwenye karai, anafua shuka za mzee. Mgonjwa wa kiharusi hajui Sabato. Mzee alikuwa amelazwa karibu na dirisha lililo wazi, macho yakiwa kwenye dari, anasikiliza maji yakipiga. Nilisimama mlangoni nikidhani nitasikia ule mkwaruzano wa zamani. Mzee alisema kwa shida, kwa nusu ya mdomo, "Anika nyuma ya nyumba." Dobi akajibu, "Ndiyo, tata." Akaanika nyuma, ambako waumini wakitoka kanisani hawataona. Kisha mzee akasema, "Niambie ile ya ndege wa kanisa." Naye Dobi, mikono imejaa povu, akaanza kumsimulia bichi ya nane.

Nilirudi nyumbani na maziwa yangu bila kuyamimina kwenye chombo chao. Nililia njiani, kwa hasira zaidi kuliko huruma. Niliwaona wote wawili wamefungwa kamba moja, na ncha ya kamba iko mkononi mwangu.

Dobi alikuwa na mambo yasiyoungana, na nilikuwa nayaunganisha kwa njia yangu. Mtu aliyeimba sifa za fuo za dunia hakutaka kabisa kuyaona maji. Kwaya ilipokodi basi kwenda Kisumu kuona ziwa, alipiga pasi sare thelathini na nane, akabaki. Nikamwambia mzee atatunzwa na shemeji kwa siku moja. "Enyancha ni enyancha," alisema. Kikisii hakitofautishi ziwa na bahari, vyote ni enyancha. Mpwa wake alioa Mombasa na akamtumia tiketi ya kwenda harusini, tiketi ikakaa mezani mpaka tarehe ikapita. Nilidhani ni uchungu. Nilidhani mtu aliyenyimwa kitu kikubwa hataki kuonjeshwa kidogo. Kwa akili yangu kila kitu kilikuwa kinanishtaki mimi.

Mara mbili nilikaribia kumwambia. Mara ya kwanza nilikuwa nimepeleka gauni langu la harusi. Alilitandaza mezani, akapitisha kiganja juu yake polepole, nikaona siwezi kumpa neno hilo akiwa ameshika kitu cheupe. Mara ya pili alikuwa ametoka kuongea kwa simu na mtu wa meli, rafiki yake Mfilipino ambaye sasa alikuwa msimamizi. Nafasi ya kazi ilikuwepo. Nilimsikia kupitia mabati akisema kwa Kiingereza chake cha melini kwamba bado, bado. Nikaamka nimwendee, mteja akaingia na cheti cha kuzaliwa, anataka kopi mbili. Nikatoa kopi mbili. Sina kisingizio kingine, nilikuwa mwoga.

Mzee alikufa mwaka jana, usingizini, akiwa amevaa pajama zilizopigwa pasi. Nilichapa ratiba ya mazishi mimi mwenyewe na kuisoma mara nne kabla ya kuitoa. Baada ya arobaini nilitazama kupitia tundu la msumari. Begi la bluu lilikuwa palepale, juu ya kabati. Ikapita miezi. Mikono yake ilianza kukataa kushika pasi, na siku moja alifunga kibanda bila kumwambia mtu. Leo pale panauzwa viatu vya plastiki.

Mwezi wa nane alinitumia ujumbe. *Karani kuja na msumari mrefu. Kwa makaburi.*

Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, amevaa kandambili. Fundi alikuwa ameyasakafia makaburi yote mawili, la mama ambalo lilikuwa limekaa na nyasi miaka yote, na la mzee, yako ubavu kwa ubavu chini ya migomba. Saruji ilikuwa bado mbichi. Fundi alikuwa amepanda juu kwenda kula.

"Kaa," alisema. "Ikikauka kidogo utaandika. Wewe uko na mwandiko."

Sikukaa. Nilisimama na msumari mkononi, nikahisi kwamba nikiliandikia kaburi lile bila kusema, basi nitakufa na siri yangu.

"Omogaka," nikamwambia, kwa heshima ambayo sokoni sikuwa nikimpa, "iko kitu nataka kukwambia. Ile imeili ya mama, ni mimi niliandika."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Dada yangu aliniambia hiyo siku, kabla nivue viatu. Sasa unafikiria nakuita Karani kwa nini?"

Niliketi chini kwenye nyasi. Nilitazamia nitasikia nafuu, lakini kilichokuja ni hasira, ikapanda mpaka masikioni. Nilimwambia miaka karibu ishirini nimekuwa nikimtazama kupitia tundu kama mwizi. Nilimwambia sijawahi kuchapa neno baba tangu siku ile bila kulisoma tena mara nne, na mimi ni mtu wa kuchapa ratiba za mazishi. Nilimwambia alikuwa na neno moja la kunifungua na hakulitoa.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Alikuwa akivuta uzi uliotoka kwenye pindo la suruali yake.

"Ningesema nini?" akauliza. "Nikikuambia ulikosa, nadanganya. Nikikuambia hukukosa, ni lazima niseme na ile ingine."

"Ile ingine gani?"

Hakulowesha kidole. Hakukuwa na pasi ya kugusa.

"Hiyo siku tulipewa siku mzima," alisema. "Siku mzima, Karani, tangu niingie meli sijawahi kupewa. Nikasoma hiyo maneno yako kwa kompyuta ya wafanyakazi, nikaiandika kwa karatasi, nikashuka nayo. Nikaenda bichi. Nikakaa. Nikatoa karatasi nikasoma. Mara ya kwanza nilisoma na Kikisii."

Nikamtazama.

"Mimi ni mtoto wa hapa. Dada yangu tangu azaliwe hajaita mzee baba. Nilijua nani mgonjwa kabla nimalize kusoma."

Juu nyumbani mtu alikuwa anapasua kuni. Nilisikia shoka mara tatu, nne.

"Halafu nikafikiria," akaendelea. "Omokogooti akirudi kwa mama mgonjwa, si amerudi? Hatoki tena. Nikaona hii kilima, nikaona chai, nikaona mzee kwa mlango. Nikasema nikipanda ndege, imeisha. Nikasoma tena. Mara ya pili nikasoma na Kiswahili. Nikajiambia, imeandikwa Kiswahili, basi ni Kiswahili. Baba ni baba. Ni yule alinifukuza. Nikakunja karatasi nikakaa huko mpaka jioni."

"Bichi gani hiyo?"

"Hata jina nimesahau. Ka-bichi kadogo nyuma ya bandari. Kulikuwa na mbwa. Maji sikuangalia."

"Na ndiyo unaita ya kwanza? Inashinda Shelisheli?"

"Sijawahi kusema ni nzuri," alisema Dobi. "Kila asubuhi nikiamka, ndiyo ya kwanza kuja."

Hapo ndipo nilipoelewa begi, na tiketi ya Mombasa, na basi la kwaya. Mzee hakumshika, kiharusi hakikumshika, wala mimi sikumshika. Alikuwa amejifunga mwenyewe, na akaniacha nje ya mlango nikiamini nina ufunguo. Nilitaka kumchukia. Nilijaribu kidogo, nikiwa nimekaa pale kwenye nyasi. Lakini nilikuwa najua uzito wa kitu kile, nilikuwa nimekibeba kwa makosa miaka yote, na yeye alikibeba kwa haki.

"Ungelisema," nikamwambia tu.

"Doa lilitaka kulowekwa," akajibu, na hatukucheka.

Aligusa saruji kwa kidole kile alichokuwa akigusia pasi. "Sasa iko sawa. Anza na mzee. Andika Tata."

Nikaandika TATA, herufi kubwa, nikasafisha pembe kwa ncha ya msumari. Kisha nikahamia kaburi la pili, nikapiga magoti, nikangoja.

"Na huyu?"

"Andika vile uliandika."

Nikaandika BABA. Wageni wanaopita njia ya juu kwenda sokoni siku hizi husoma na kuuliza kama ni wanaume wawili waliozikwa pale, na wa kwetu huwajibu ndiyo, kwa sababu kueleza ni kazi. Siku ile Dobi aliinuka kwenye ndoo, akainama juu ya saruji mpaka nikadhani ataanguka, akasoma huku midomo ikicheza. Alisoma mara moja tu, kisha akachukua ndoo yake, tukapanda kwenda kunywa chai.